Kutoka Waya Mmoja hadi Milango Mingi: Historia ya Kukusanya Huduma za Video za Kulipia Mahali Pamoja nchini Marekani, 1948–2025

1.0 Utangulizi

Huduma za utiririshaji wa video kupitia intaneti zimebadili namna ambavyo kaya za Marekani hupata filamu, tamthilia na michezo. Kwa zaidi ya miaka thelathini kaya nyingi zilipokea burudani hiyo kupitia waya mmoja, zikalipa ankara moja na kutumia rimoti moja. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020, kaya hizohizo zilikuwa zikilipia huduma kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na programu tumishi yake, nywila yake, tarehe yake ya makato na orodha yake ya vipindi. Kutokana na hali hiyo kulizuka hitaji jipya: kupata mahali pamoja ambapo mtazamaji angeweza kutafuta kipindi, kukitazama, kukilipia na kusitisha usajili bila kupita milango mingi.

Insha hii inachunguza historia ya hitaji hilo. Maelezo yaliyozoeleka huichukulia historia hii kuwa ni mzunguko: vifurushi hufungwa, hufunguliwa, kisha hufungwa tena. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi, kwa kuwa yanadhani kwamba kinachokusanywa ni kilekile katika kila kipindi. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba ukusanyaji una sehemu nne ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni maudhui, yaani vipindi vyenyewe. Ya pili ni malipo. Ya tatu ni mwongozo, yaani orodha inayomwonyesha mtazamaji kilichopo na kilipo. Ya nne ni kumbukumbu, yaani taarifa za nani ametazama nini, lini na kwa muda gani. Kila zama zilikusanya baadhi ya sehemu hizo na kuziacha nyingine zikiwa zimetawanyika.

Tofauti hiyo ikizingatiwa, inaonekana kwamba wingi wa huduma haukuwa kiini cha mgogoro, bali ulikuwa dalili yake. Kiini kilikuwa swali la nani atamiliki uhusiano na mtazamaji. Swali hilo liligusa mifuko ya watu na haki zao: haki ya kuchagua, haki ya kuondoka, na haki ya kutofuatiliwa ndani ya nyumba zao.

2.0 Waya Mmoja: Kebo na Kuzaliwa kwa Kifurushi, 1948–1992

Runinga ya kebo haikuanza kama biashara ya vifurushi. Ilianza kama suluhisho la milima. Mwaka 1948 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, yaani FCC, ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za vituo vya runinga ili kupanga upya matumizi ya masafa, na zuio hilo lilidumu hadi mwaka 1952. Miji mingi midogo ilibaki bila kituo chake. Katika mabonde ya Pennsylvania, ambako mawimbi kutoka Philadelphia yalizuiwa na vilima, wauzaji wa runinga walikuwa na bidhaa ambazo hazikuweza kuonyesha picha. John Walson wa Mahanoy City na Ed Parsons wa Astoria, Oregon, hutajwa miongoni mwa watu wa mwanzo waliosimamisha antena mahali pa juu na kushusha waya hadi majumbani. Mteja alilipia waya, si vipindi. Vipindi vilikuwa vya bure angani.

Badiliko la msingi lilikuja tarehe 8 Novemba 1972, HBO ilipoanza kurushwa kwa wateja wa kampuni ya kebo ya Walson katika mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania. Kwa mara nyingine mtu wa kebo ndiye aliyekuwa mlangoni, lakini safari hii alikuwa akiuza maudhui ambayo hayakupatikana kwa antena. Mwaka 1975 HBO ilitumia satelaiti kuonyesha pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier lililofanyika Manila, na hapo ikathibitika kwamba chaneli moja ingeweza kuzifikia kampuni za kebo za nchi nzima kwa wakati mmoja. ESPN ilifuata mwaka 1979, CNN mwaka 1980 na MTV mwaka 1981.

Wingi wa chaneli, hata hivyo, haukuleta wingi wa ankara. Kampuni ya kebo ilinunua haki kutoka kwa wenye chaneli, ikazifunga pamoja na kumtoza mteja bei moja. Kwa kutumia istilahi za insha hii, maudhui na malipo vilikusanywa kikamilifu. Mwenye chaneli hakulijua jina la mtazamaji wake, wala hakuhitaji kulijua, kwa sababu alipokea ada kwa kila kaya iliyounganishwa, iwe ilitazama chaneli yake au la.

Mfumo huo ulikuwa na gharama iliyofichika. Sheria ya kebo ya mwaka 1984 ililegeza udhibiti wa bei, na malalamiko ya wateja yaliongezeka hadi Bunge likapitisha sheria nyingine mwaka 1992, likiishinda kura ya turufu ya Rais George H. W. Bush. Sheria hiyo ilikusudia kumlinda mlipaji, lakini kifungu chake kimoja kilikuwa na matokeo ambayo hayakutarajiwa na wengi. Vituo vya kawaida vya runinga vilipewa haki ya kudai idhini kabla ya kurushwa na kampuni za kebo. Kampuni za kebo zilikataa kulipa fedha taslimu. Badala yake, wamiliki wa vituo walikubali kulipwa kwa nafasi: chaneli zao mpya ziingizwe kwenye kifurushi. ESPN2, FX na America's Talking, iliyokuja kuwa MSNBC, zilianza kati ya mwaka 1993 na 1994 katika mazingira hayo. Kwa hiyo kifurushi kilinenepa kwa makubaliano ya wauzaji kuliko kwa matakwa ya watazamaji.

Takwimu za kampuni ya Nielsen zinaonyesha matokeo ya mwenendo huo. Mwaka 2008 kaya ya wastani ya Marekani ilipokea chaneli 129 na kutazama takriban 17. Mwaka 2013 ilipokea chaneli 189, na idadi ya zilizotazamwa ikabaki kuwa takriban 17. Katika mwaka huohuo Seneta John McCain aliwasilisha muswada wa kuhimiza uuzaji wa chaneli mojamoja. Muswada huo haukupita. Ni muhimu kuzingatia kwamba dai la umma wakati huo lilikuwa kinyume cha dai la miaka kumi baadaye. Watu walitaka kutenganishiwa kilichokuwa pamoja.

3.0 Mwongozo na Kisanduku: Mlango Uliofungwa, 1953–2017

Maudhui na malipo yalikuwa mikononi mwa kampuni za kebo, lakini mwongozo ulikuwa na historia yake. Toleo la kwanza la kitaifa la jarida la TV Guide lilitoka tarehe 3 Aprili 1953. Jarida hilo halikumiliki kituo chochote. Liliorodhesha vituo vyote vya eneo husika katika ukurasa mmoja, kwa saa na kwa siku, na kwa miongo kadhaa lilikuwa miongoni mwa majarida yaliyouzwa kwa wingi zaidi Marekani. Umuhimu wake kihistoria ni kwamba liliwapa watazamaji mwongozo uliojitegemea: aliyepanga orodha hakuwa muuzaji wa kilichoorodheshwa.

Hali hiyo ilibadilika mwongozo ulipohamia ndani ya skrini. Chaneli zilipofika mia na zaidi, karatasi haikutosha, na orodha ya kielektroniki ikawekwa ndani ya king'amuzi kilichokodishwa na kampuni ya kebo. Hivyo muuzaji wa kifurushi akawa pia mwenye orodha, na kwa kuwa king'amuzi kilikuwa na uwezo wa kurudisha taarifa, akawa pia mwenye kumbukumbu. Kwa mara ya kwanza sehemu zote nne zilikaa chini ya paa moja.

Bunge liliiona hatari hiyo mapema. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, katika kifungu cha 629, iliielekeza FCC kuhakikisha kwamba wateja wanaweza kununua ving'amuzi kutoka kwa watengenezaji wasiohusiana na kampuni za kebo. Utekelezaji ulichukua sura ya kadi ya usalama iliyoitwa CableCARD, na kuanzia Julai 2007 kampuni za kebo zililazimika kuitumia hata katika ving'amuzi vyao. Kampuni ya TiVo, ambayo vifaa vyake vya kurekodi vilianza kuuzwa mwaka 1999, ilinufaika kwa kiasi, lakini soko huru la ving'amuzi halikustawi. Kadi zilihitaji kuwekwa na mafundi, hazikufanya kazi na baadhi ya huduma, na kampuni za kebo hazikuwa na sababu ya kurahisisha kuondoka kwa vifaa vyao. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 na Maseneta Edward Markey na Richard Blumenthal ulikadiria kwamba kaya ya wastani ilikuwa ikilipa dola 231 kwa mwaka kukodi ving'amuzi.

Februari 2016 FCC, chini ya Mwenyekiti Tom Wheeler, ilipiga kura 3 kwa 2 kuanzisha mchakato wa kanuni mpya. Pendekezo lilikuwa kwamba kampuni za runinga ya kulipia zitoe mtiririko wa taarifa ulio wazi, ili mtengenezaji yeyote aweze kuunda kifaa au programu tumishi itakayoonyesha pamoja chaneli za kebo na huduma za intaneti, na kumwezesha mtazamaji kutafuta katika vyote kwa mara moja. Kampuni za kebo zilipinga. Wamiliki wa maudhui pia walipinga, wakihofia kwamba kifaa cha mtu mwingine kingepanga upya vipindi vyao, kuviwekea matangazo mengine na kuvunja masharti ya hakimiliki. Wapinzani wengine walihofia kwamba kampuni kubwa za teknolojia zingechukua nafasi ya kampuni za kebo kama walinzi wapya wa mlango. Septemba 2016 pendekezo liliondolewa kwenye ajenda ya kikao siku yenyewe ya kupigiwa kura, na mapema mwaka 2017 Mwenyekiti mpya Ajit Pai aliliondoa katika orodha ya masuala yaliyokuwa yakishughulikiwa.

Tukio hilo halipewi uzito wa kutosha katika maelezo ya mzunguko. Lilikuwa jaribio kubwa la serikali la kutenganisha mwongozo na muuzaji katika zama za intaneti. Kushindwa kwake hakukuondoa hitaji la mahali pamoja. Kulimaanisha tu kwamba hitaji hilo lingetimizwa na kampuni binafsi kwa masharti ya mikataba yao, bila kiwango cha wazi kinachomfunga kila mmoja.

4.0 Mkusanyaji wa Muda na Kutawanyika kwa Maudhui, 2007–2021

Netflix ilianzishwa mwaka 1997 na Reed Hastings na Marc Randolph kama huduma ya kukodisha diski kwa njia ya posta. Upana wa orodha yake ulitokana na hali ya kisheria. Chini ya sheria za Marekani, mwenye kununua diski halali anaweza kuikodisha bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Kwa hiyo bahasha za Netflix ziliweza kubeba filamu za studio yoyote. Utiririshaji ulioanza Januari 2007 haukuwa na haki hiyo. Kila filamu iliyotiririshwa ilihitaji leseni yenye muda, bei na masharti.

Mwanzoni leseni zilikuwa rahisi kupatikana. Mwaka 2008 Netflix iliingia mkataba na Starz uliowapa wateja wake filamu za Disney na Sony, wakati studio nyingi zilipoyaona mapato ya intaneti kuwa nyongeza ndogo. Novemba 2010 huduma ya kutiririsha pekee iliuzwa kwa dola 7.99 kwa mwezi. Kwa miaka hiyo michache mtazamaji alipata kitu kilichofanana na mahali pamoja, kwa bei ndogo kuliko ya kebo. Hata hivyo, msingi wa wepesi huo ulikuwa ridhaa ya watu ambao hawakuwa wametambua thamani ya walichokiuza. Walipoitambua, waliiondoa. Mkataba wa Starz ulikwisha Februari 2012. Mwaka uliofuata Netflix ilitoa tamthilia ya House of Cards, ikianza kujenga maudhui ambayo hakuna mwingine angeweza kuyachukua.

Kutawanyika kulishika kasi kuanzia mwaka 2017, Disney ilipotangaza kwamba ingeondoa filamu zake Netflix ili kuanzisha huduma yake. Apple TV+ na Disney+ zilianza Novemba 2019. HBO Max na Peacock zikafuata mwaka 2020. Paramount+ ikafuata Machi 2021. NBCUniversal iliahidi kulipa dola milioni 500 kwa miaka mitano ili tamthilia ya The Office, iliyokuwa ikitazamwa sana Netflix, irudi nyumbani. Kiasi hicho kinaeleza kilichokuwa kikitafutwa. Kipindi cha zamani kilinunuliwa si kwa ajili ya kukiuza tena, bali kwa ajili ya kumvuta mtazamaji ajisajili moja kwa moja, ili jina lake, kadi yake ya benki na mazoea yake viwe mali ya mwenye maudhui.

Hapa ndipo tofauti na zama za kebo inapoonekana wazi. Mwenye chaneli wa mwaka 1985 aliridhika kutomjua mtazamaji. Mwenye huduma wa mwaka 2020 aliona kutomjua kuwa ni hasara. Kumbukumbu, iliyokuwa sehemu dogo ya biashara, ikawa sababu ya kuuvunja mfumo wote.

Gharama ya mgawanyiko huo ilihamishiwa kwa mtazamaji kwa njia tatu. Kwanza, bei zilipanda: Disney+ bila matangazo ilianza kwa dola 6.99 mwaka 2019 na kufikia dola 15.99 Oktoba 2024. Pili, kazi ya kutafuta ilirudi mikononi mwa mtazamaji, ambaye alilazimika kukumbuka kipindi kiko kwa nani mwezi huo. Tatu, usajili ulijihuisha wenyewe kila mwezi, na aliyesahau alilipa. Wapo waliojifunza kujisajili kwa mwezi mmoja, kutazama walichokitaka, kisha kuhama. Uhuru huo wa kuondoka ulikuwa faida ya kweli ambayo kebo, yenye mikataba mirefu na ada za kuvunja mkataba, haikuwahi kuitoa. Lakini ulikuwa uhuru uliodai daftari, kumbukumbu na nidhamu.

5.0 Wakusanyaji Wapya na Mipaka Yao, 2015–2025

Majaribio ya kurudisha mahali pamoja yalichukua njia tatu, na kila njia ilikusanya sehemu tofauti.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kukusanya mwongozo pekee. JustWatch, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2014, ilimwezesha mtu kuandika jina la filamu na kuonyeshwa huduma zinazoitoa. Ilikuwa karibu zaidi na TV Guide ya mwaka 1953, kwa kuwa haikuwa muuzaji wa usajili wa studio yoyote. Udhaifu wake ni kwamba ilimwonyesha mtazamaji mlango bila kumfungulia. Malipo na nywila vilibaki vilivyo.

Njia ya pili ilikuwa ya wenye vifaa. Desemba 2015 Amazon ilianza kuuza usajili wa huduma za wengine, zikiwemo Starz na Showtime, ndani ya huduma yake, kwa ankara moja. Apple ilitoa programu tumishi ya TV mwaka 2016 na kuanza kuuza chaneli ndani yake mwaka 2019. Njia hii ilikusanya malipo na mwongozo kwa pamoja, na kwa mtazamaji ilikuwa suluhisho lililokamilika kuliko yote. Kwa mwenye maudhui ilikuwa kurudi kwa kampuni ya kebo kwa jina jingine. WarnerMedia iliiondoa HBO kutoka Amazon Channels Septemba 2021, ikikubali kupoteza wateja wanaokadiriwa kuwa milioni 5, ili kuwavuta wajisajili kwake moja kwa moja. Desemba 2022, chini ya uongozi mpya wa Warner Bros. Discovery, huduma hiyo ilirudi Amazon. Kuondoka na kurudi ndani ya miezi kumi na mitano kunaonyesha mizani yenyewe: umiliki wa kumbukumbu una thamani, lakini haulipi ankara pindi wateja wanapokosekana.

Netflix ilichukua msimamo tofauti. Ilikataa kuingiza vipindi vyake katika mwongozo wa Apple tangu mwanzo. Februari 2025 vipindi vyake vilionekana humo kwa muda mfupi, kisha kampuni ikaeleza kwamba lilikuwa kosa lililokwisha kurekebishwa. Hakukuwa na kizuizi cha kiufundi. Kilichozuia ni uamuzi wa kibiashara. Huduma yenye watazamaji wengi haikuwa na sababu ya kukubali kuwa mstari mmoja katika orodha iliyopangwa na mshindani. Matokeo yake ni kwamba kila mwongozo uliodai kuwa wa mahali pamoja ulikuwa na pengo katika sehemu iliyotafutwa zaidi.

Njia ya tatu ilikuwa ya vifurushi vya makubaliano. Mei 2024 kampuni ya kebo ya Comcast ilianza kuwauzia wateja wake Peacock, Netflix yenye matangazo na Apple TV+ kwa dola 15 kwa mwezi. Julai 2024 Disney na Warner Bros. Discovery ziliunganisha Disney+, Hulu na Max kwa dola 16.99 pamoja na matangazo, au dola 29.99 bila matangazo. Vifurushi hivyo vilikusanya malipo, lakini mwongozo na kumbukumbu vikabaki vimegawanyika: ankara moja, programu tumishi tatu. Kwa hiyo kusema kwamba kebo imerudi ni kusema nusu ya jambo.

Mahakama nayo iliweka mpaka. Februari 2024 Disney, Fox na Warner Bros. Discovery zilitangaza huduma ya pamoja ya michezo iliyoitwa Venu. Kampuni ya Fubo ilishtaki, ikidai kwamba wamiliki hao waliwalazimisha wasambazaji wengine kununua chaneli zisizotakiwa ili wapate za michezo, huku wao wenyewe wakijiruhusu kuuza za michezo peke yake. Agosti 2024 Jaji Margaret Garnett wa New York alitoa zuio la muda, na Januari 2025 mpango ukaachwa. Kesi hiyo iliyafufua masuala ya mwaka 1992: ukusanyaji unaomnufaisha mtazamaji leo unaweza kuwa kifungo cha soko kesho.

Kwa upande wa haki ya kuondoka, FTC, yaani Tume ya Shirikisho ya Biashara, ilipitisha Oktoba 2024 kanuni iliyotaka kusitisha usajili kuwe rahisi kama kujisajili. Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nane iliitengua Julai 2025 kwa kasoro za utaratibu. Kuhusu kumbukumbu, sheria ya mwaka 1988 ililinda faragha ya wakodishaji wa kanda za video, baada ya gazeti kuchapisha orodha ya kanda alizokodi Jaji Robert Bork. Sheria hiyo ilitungwa kwa duka lililojua kanda alizokodi mteja wake. Mwongozo wa pamoja wa zama hizi unaweza kujua aliyoyatazama katika maduka yote. Mwaka 2017 mtengenezaji wa runinga Vizio alikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza madai kwamba runinga zake milioni 11 zilikusanya taarifa za utazamaji bila idhini ya wenye nazo. Mahali pamoja pa kutazama ni pia mahali pamoja pa kutazamwa.

6.0 Ulinganisho na Afrika Mashariki

Historia hii si ngeni kwa watazamaji wa Afrika Mashariki, ingawa ilipita njia nyingine. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kaya zikalazimika kununua king'amuzi ili kupata hata chaneli za bure. Kwa kuwa kila kampuni ilikuwa na king'amuzi chake, suala la nani abebe chaneli zipi likawa suala la umma. Nchini Kenya mwezi Februari 2015 vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani katika mgogoro wao na mdhibiti kuhusu uhamaji huo, ambao ndani yake ulikuwamo ubishi kuhusu haki ya kampuni za kulipia kubeba matangazo yao.

Ulinganisho huu unatoa funzo moja. Katika Afrika Mashariki wingi ulionekana kwa macho: visanduku, nyaya na rimoti chini ya runinga. Kwa hiyo mdhibiti aliulizwa swali lake hadharani. Nchini Marekani wingi wa huduma za intaneti ulifichika ndani ya kifaa kimoja na taarifa ya benki, na swali likabaki la mtazamaji mmojammoja.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya kukusanya huduma za video nchini Marekani haielezeki vizuri kwa taswira ya mzunguko pekee. Kebo ilikusanya maudhui na malipo, kisha kupitia king'amuzi ikakusanya mwongozo na kumbukumbu. Utiririshaji ulianza kwa kukusanya maudhui kwa ridhaa ya muda, kisha ukatawanya kila kitu pale ambapo kumjua mtazamaji kulikuwa na thamani kuliko kumuuzia msambazaji. Majaribio yaliyofuata yamerudisha malipo, na kwa sehemu mwongozo, lakini si kumbukumbu.

Mei 2025, kwa mujibu wa Nielsen, utiririshaji ulichukua asilimia 44.8 ya muda wa kutazama runinga Marekani, ukizidi kwa mara ya kwanza jumla ya kebo na vituo vya kawaida. Njia kuu ya kupokea picha imekwisha kubadilika. Ambalo halijaamuliwa ni kama mwongozo wake utakuwa huru, kama ulivyokuwa ukurasa wa jarida la mwaka 1953, au mali ya mmoja wa wauzaji. Pendekezo la mwaka 2016 lilikuwa na kasoro ambazo wapinzani wake walizitaja kwa haki, hususan hofu ya kubadilisha mlinzi mmoja wa mlango kwa mwingine. Lakini miaka tisa baadaye mlinzi huyo mwingine amekuja hata hivyo, na amekuja bila kanuni. Kwa sababu hiyo, swali linalofaa kuulizwa na watafiti wajao si kama huduma zitakusanywa tena. Ni sehemu ipi kati ya hizo nne itakayokusanywa, na nani, na kama mtazamaji ataweza kutoka kwa wepesi uleule alioingia nao.